Bili ya Gereji Inapozidi Makadirio

Makadirio ya matengenezo ni bei ambayo fundi anaitaja kabla ya kulifungua gari. Bili ni bei anayoidai kazi ikiwa imekwisha. Kati ya bei hizo mbili ndipo unapozuka ugomvi mwingi wa gereji, iwe ni gereji bubu ya chini ya mwembe Nyakato au karakana yenye lifti na mashine ya kupimia katikati ya jiji la Mwanza. Mwenye gari aliambiwa laki tatu. Siku ya kulichukua anadaiwa laki sita na nusu, na funguo ziko mfukoni mwa fundi. Sheria za Tanzania zina majibu kwa hali hiyo, ingawa yametawanyika katika sheria kadhaa, na karibu yote yanazunguka swali moja: mwenye gari aliridhia nini, na aliridhia lini?

Swali hilo ni zito kwa sababu Tanzania haijaweka kisheria asilimia ambayo bili ya gereji haipaswi kuizidi. Umeme na maji vina EWURA, mawasiliano ya simu yana TCRA, nauli za daladala zina LATRA. Gereji ina leseni ya biashara tu, inayotolewa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza au na Manispaa ya Ilemela, kutegemea iko upande gani. Bei ya kazi ni mapatano ya watu wawili, na ulinzi wa mlaji unatoka ndani ya mapatano hayo.

Si kila bili iliyozidi makadirio ni ya wizi, na haki ya mlaji haianzi kwa kumshuku fundi. Hiace ya abiria imechemsha kwenye mlima wa Bugando. Fundi anasubiri injini ipoe, anafungua mfuniko wa rejeta, anaiwasha tena na kuona mapovu kwenye maji. Anatazama moshi mweupe wa ekzosi. Anachomoa kijiti cha kupimia oili na kuikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Dalili zote zinasema gasketi ya silinda hedi imekufa, naye anakadiria gasketi, oili na ufundi: tuseme shilingi 450,000. Hedi ikishashushwa, anaweka rula ya chuma juu ya uso wake na kuchungulia kwa chini. Mwanga unapenya katikati. Hedi imepinda kwa joto, inabidi iende kwa fundi mashine ikasawazishwe, na kama ina ufa itafutwe nyingine. Hilo hakuna aliyeweza kuliona kabla hedi haijafunguliwa, na kulidai si dhambi. Kosa linakuja pale fundi anapoendelea na kazi mpya bila kushika simu, kisha akamkabidhi mwenye gari bili ya mambo mawili badala ya moja.

Bei ya spea nayo hupanda bila fundi kuwa na hila yoyote. Spea nyingi zinazofungwa Mwanza zimetoka Dubai, Japani au China, zikapita bandari ya Dar es Salaam, kisha zikasafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100. Bei aliyoikumbuka fundi kutoka kazi ya mwezi uliopita inaweza isiwe bei ya leo dukani. Halafu iko Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Gereji iliyosajiliwa kwa kodi hiyo ikitaja shilingi 500,000 bila kusema kama kodi imo, bili inaweza kusomeka 590,000 bila hata bolti moja kuongezwa. Swali la kuuliza mapema ni fupi: bei hii ina VAT au haina?

Kuna sababu nyingine ambazo hazina udhuru. Ya kwanza ni cha juu: spea imenunuliwa kwa 80,000, mwenye gari anaandikiwa 130,000, na risiti haionekani. Ya pili ni spea iliyotumika kuuzwa kwa bei ya mpya, au ya bandia kuuzwa kwa jina la kampuni kubwa. Ya tatu ni ubovu wa kutungwa, mteja anapoambiwa shokapu na bushi zimekwisha ilhali zilikuwa nzima. Ya nne, na labda mbaya kuliko zote, ni kutoza pesa ya kifaa ambacho hakikubadilishwa kabisa. Mwenye gari asiyejua ufundi hana macho ya kuyaona haya, na ndiyo maana kuomba kurudishiwa vifaa vilivyotolewa ni desturi nzuri kuliko zote. Pedi za breki za zamani zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye buti la gari ni ushahidi ambao hauhitaji mtaalamu kuusoma.

Sheria kuu inayotawala mapatano ya mwenye gari na fundi ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ya mwaka 1961. Ilichukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika wakati wa ukoloni, na vifungu vyake vingi ni vilevile. Chini ya sheria hiyo, mapatano ya mdomo yaliyofanywa kwa hiari na watu wazima wenye akili timamu, juu ya jambo halali lenye malipo, ni mkataba kamili. Anayesema kwamba hakuna mkataba kwa kuwa hakuna karatasi anakosea, awe fundi au mteja. Karatasi inasaidia kuthibitisha tu, lakini msaada huo ni mkubwa mno siku pande hizi mbili zinapokumbuka mambo tofauti.

Bei iliyotajwa inaweza kuwa ya aina mbili. Fundi akisema, "Nitakufungia klachi kwa laki mbili na nusu, spea na ufundi humohumo," na mteja akakubali, hiyo ni bei iliyofungwa. Fundi amejifunga nayo hata kama kazi itamchukua siku mbili zaidi ya alivyodhani. Akisema, "Inaweza kufika kama laki mbili na nusu hivi, tutaona tukifungua," hayo ni makadirio, na bili halali inaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo. Hata hivyo, makadirio hayampi fundi cheki isiyojazwa. Anatakiwa awe amekadiria kwa uaminifu na kwa ujuzi wa kazi yake, na anachodai mwishoni kiwe malipo ya haki kwa kazi ileile iliyokubaliwa. Makadirio yaliyoshushwa makusudi ili gari liingie gereji, huku fundi akijua tangu mwanzo kwamba gharama itakuwa mara mbili, ni udanganyifu. Sheria ya Mikataba inampa aliyedanganywa haki ya kuukana mkataba, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara.

Jambo gumu zaidi ni kazi ya nyongeza iliyofanywa bila ruhusa. Mwenye gari alipeleka gari kubadilishiwa pedi, akakuta pamoja na pedi amefungiwa diski mpya na beringi za magurudumu ya mbele. Fundi akiulizwa husema gari limefaidika, na kweli limefaidika. Hoja yake ina mahali pa kushika: kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba kinasema mtu akimfanyia mwenzake kitu kihalali, bila nia ya kumpa bure, na yule mwenzake akakifaidi, basi anapaswa kufidia. Lakini mahakama za India, zilizokifafanua kifungu hicho kwa miaka mingi, zilishikilia kwamba aliyefaidika lazima awe alikuwa na nafasi ya kukubali au kukataa. Mteja aliyekuwa na simu hewani siku nzima, na hakupigiwa, hakupewa nafasi hiyo. Anaweza kusema kwa haki: kama ni diski, nifungulieni, nirudishieni za zamani. Fundi anayetaka kulipwa kwa hakika ana njia iliyo nyepesi kuliko kesi yoyote, nayo ni kuuliza kwanza.

Katika Kanda ya Ziwa, swali la nani aulizwe lina ugumu wake. Gari nyingi za Mwanza haziendeshwi na wenyewe. Mwenye Hiace ni mwalimu wa Sengerema au mfanyabiashara wa Nansio, Ukerewe. Dereva ndiye anayelipeleka gereji, ndiye anayemjua fundi, na wakati mwingine ndiye anayegawana naye cha juu. Kisheria dereva ni wakala wa mwenye gari. Tajiri ambaye kwa mwaka mzima amelipa kila alichokubali dereva wake atapata shida kuja kusema siku moja kwamba dereva hakuwa na mamlaka, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya fundi aamini hivyo. Dawa yake ni kuzungumza na gereji moja kwa moja na kuweka mpaka: dereva aruhusiwe kukubali matengenezo hadi kiasi fulani, na chochote kinachozidi hapo kisubiri simu ya mwenye gari. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari lililoharibikia Sengerema au Geita linafika kwa mafundi wa Mwanza bila kusubiri kivuko, na kwa hiyo linatengenezwa mbali zaidi na macho ya mwenyewe.

Umbali huo unazibwa na simu. Picha ya hedi iliyopinda, ujumbe wa WhatsApp wenye bei mpya, na jibu la mwenye gari la "sawa, endelea" ni ridhaa yenye tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokewa mahakamani kama ushahidi. Malipo ya awali yakitumwa kwa simu badala ya noti mkononi, nayo yanaacha alama.

Gari likizuiliwa gereji, wenye magari wengi hukimbilia kusema wameibiwa. Mara nyingi si kweli. Fundi aliyeweka jasho na ujuzi wake kwenye mali ya mtu ana haki ya kuishikilia mali hiyo mpaka alipwe. Haki hiyo imo katika sehemu ya Sheria ya Mikataba inayohusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine. Lakini haki hiyo ina mipaka ambayo gereji nyingi zinaisahau. Inahusu malipo ya kazi ile tu, si madeni mengine: deni la Noah la mwaka jana halizuii IST iliyoletwa leo. Inahusu malipo yanayostahili tu, kwa hiyo mwenye gari akitoa fedha kamili ya kazi aliyoikubali, na fundi akaikataa kwa sababu anataka na ya kazi ambayo haikukubaliwa, kushikilia gari kunapoteza uhalali. Tena ni haki ya kushikilia, si ya kuuza. Bango la ukutani linalosema gari litakalokaa siku fulani litauzwa halimpi mwenye gereji mamlaka ya kuuza mali ya mtu kwa nguvu ya rangi na brashi. Na wakati wote gari linapokuwa mikononi mwake, anawajibika kulitunza: redio iliyochomolewa na betri iliyopotea ni juu yake.

Wapo wanaoongeza kwenye bili "gharama za maegesho" kwa kila siku ambayo gari lilizuiliwa wakati wa ugomvi. Suala hilo lilikwishaamuliwa London mwaka 1860, katika kesi ya Somes dhidi ya kampuni ya meli ya British Empire. Fundi wa meli aliishikilia meli aliyoitengeneza ili alipwe, kisha akadai pia malipo ya gati kwa siku alizoishikilia. Wenye meli walilipa huku wakipinga, wakafungua kesi, na Baraza la Malodi likaamua kwamba anayezuia kitu kwa faida yake mwenyewe hawezi kumtoza mwenye kitu gharama za kuzuiliwa kwake. Kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920 zilipokewa kuwa sehemu ya sheria ya Tanganyika, kwa hiyo uamuzi huo una uzito hapa pale ambapo sheria ya nchi haijasema vingine. Maegesho yanadaika kama yalikubaliwa tangu mwanzo.

Walichokifanya wenye meli wale kinamfaa hata mwenye daladala ambaye kila siku gari likilala gereji anapoteza hesabu ya siku. Anaweza kulipa kiasi chote, akaandika juu ya risiti na kwenye ujumbe wa simu kwamba analipa huku akipinga kiasi fulani, akachukua gari lake likaenda kazini, kisha akadai kurudishiwa kilichozidi. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba kinasema fedha iliyolipwa kwa kushurutishwa irudishwe, na kifungu cha 15 kinahesabu kuzuia mali ya mtu kinyume cha sheria kuwa aina mojawapo ya shuruti. Anayelipa kimya kimya, akashukuru na kuondoka, amejidhoofishia madai yake mwenyewe.

Spea zina sheria yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliieleza. Mteja aliyemwambia muuzaji kwamba anataka pampu ya maji ya injini fulani, akapewa isiyoingia, hajapoteza fedha zake. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, na viwango vya ubora viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hapa risiti ya EFD ndiyo msingi wa kila dai: inaonyesha duka, tarehe, kifaa na bei halisi, na hivyo inafichua cha juu papo hapo. Mwenye gari mwenye nafasi hufanya vizuri kwenda dukani pamoja na fundi.

Upande wa pili wa ziwa mambo yamewekwa wazi zaidi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Gereji ya Kisumu inatakiwa kumpa mteja makadirio kabla ya kumtoza, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameyakataa na kuweka kiasi cha juu kabisa atakachokilipa. Kazi isiyoidhinishwa haitozwi. Na bili haipaswi kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Kenya ilifuata kwa karibu sheria ya jimbo la Ontario, Kanada, ya 2002, ambayo pia inaweka dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000 kwa spea na ufundi. Huko Marekani, California ilianzisha ofisi maalumu ya kusimamia gereji kwa sheria ya 1971, na Michigan inaruhusu bili kuzidi makadirio ya maandishi bila idhini kwa asilimia 10 au dola 50 tu, kutegemea kipi ni kidogo. Gereji hazikufa katika nchi hizo. Mafundi walizoea kupiga simu.

Hata Tanzania utaratibu huo si mgeni kwa wenye bima kubwa. Gari likigongwa, kampuni ya bima hutaka makadirio, humtuma mkaguzi wake, na gereji ikigundua uharibifu mwingine ndani huomba idhini ya nyongeza kabla ya kuendelea. Mafundi haohao wanaosema haiwezekani kumuuliza mteja kwa kila jambo humuuliza mkaguzi wa bima bila kunung'unika.

Mwenye gari anayelipa kutoka mfukoni anaweza kujitengenezea utaratibu kama huo kwa karatasi moja. Juu yake ziandikwe namba ya gari, kilomita zilizosomeka, tatizo lililoelezwa, kazi itakayofanywa, spea kwa jina pamoja na kama ni mpya au zimetumika, gharama ya ufundi peke yake, kama VAT imo, na tarehe ya kumaliza. Chini yake uandikwe mstari mmoja: hakuna kazi wala gharama ya nyongeza bila idhini ya mwenye gari, na spea za zamani zirudishwe. Wote wawili wasaini, kila mmoja abaki na nakala au picha. Karatasi hiyo inamlinda pia fundi, kwa sababu mafundi nao hutapeliwa: wapo wateja wanaochukua gari kwa ahadi ya "nitakutumia jioni" na simu ikazimwa hapo hapo.

Mambo yakishaharibika, hatua ya kwanza ni kuomba bili yenye mchanganuo, spea mbali na ufundi mbali. Ugomvi mwingi huisha hapo, maana bili ya jumla ikichambuliwa mbele ya macho ya watu wawili hupungua yenyewe. Malalamiko ya kupotoshwa, ya spea bandia au ya huduma ya hovyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Polisi wanahusika panapokuwa na jinai, kama wizi au kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni, ya fundi wala ya mteja.

Madai ya fedha yanakwenda Mahakama ya Mwanzo. Baada ya marekebisho ya 2016, mahakama hiyo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kiwango ambacho karibu bili zote za gereji ziko chini yake. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na ushahidi unaohitajika ni uleule: karatasi ya makadirio, ujumbe wa simu, risiti, spea za zamani, na fundi mwingine aliyelikagua gari. Chini ya kifungu cha 73 anaweza kudai pia hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, zikiwemo siku ambazo daladala lilizuiliwa isivyo halali. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6, lakini spea hutupwa na simu hupotea mapema zaidi ya hapo.

Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya sheria ya mamlaka za miji ya 1982. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wasisubiri Bunge: waifanye karatasi ya makadirio iliyosainiwa na pande zote mbili, pamoja na ukomo wa asilimia 10 kama wa Kisumu, kuwa sharti la kupata na kuhuisha leseni ya gereji.